Kamati ya Akida Haruni na Jua Lenye Macho

Tangazo la Serikali tukufu ya Mdachi lilisomwa Salale mara tatu, hata kuku wasije wakasema hawakusikia. Imeundwa Kamati ya Kutambua Alama za Waasi. Mwenyekiti, Akida Haruni. Katibu, Akida Haruni. Mjumbe wa tatu, Muhidini, alikwisha kukimbilia mikokoni. Atakayekutwa na alama ya uasi shingoni atanyongwa, na hakuna kuulizana.

Kamati ilikuwa na haki. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka Umatumbi, na wakubwa walikuwa wakiogopa maji mpaka chai wanaonjesha mtu kwanza.

Siku nne kamati haikuona alama. Ya tano ikamwona bibi yangu Mwanawetu na kidani chake, sarafu nene ya fedha iliyotobolewa, nyeusi kwa kutu, yenye jua lenye macho, pua na mdomo. Baba yake alimuuzia boriti baharia wa mbali, akalipwa hiyo. Mjukuu wangu Tabu kanisomea kwenye simu: watu wa Ajentina walipomkataa Mspania aliyewatawala, waliutoa uso wa mfalme wake kwenye fedha, wakaweka jua. Hata kwenye peso za zama hizi wamelipiga tena.

Akida akauliza, “Hili jua linamtazama nani?”

“Linanitazama mimi, Bwana Akida. Tangu mdogo.”

Kamati ikaona hilo ni jibu la kijeuri. Akakamatwa mumewe, Mshamu, maana tangazo halikutaja wanawake. Angenyongwa Ijumaa baada ya swala, asikose thawabu, Bwana Mkubwa wa Kidachi akishafika kukagua.

Ushahidi ulitakiwa kutunzwa. Kanzu ya Akida haikuwa na mfuko, basi akauvaa. Siku ya pili akawa anawaambia watu ni nishani kutoka Ulaya.

Bibi alikuwa akimpelekea Mshamu uji, hana haraka. Akamwambia Akida, “Imekukaa, baba. Lakini imefubaa. Nipe niisugue kwa ndimu na majivu, mgeni aione.”

Akampa. Ikang'aa, na maandishi yakatokea pembeni.

Ijumaa Bwana Mkubwa akasimama mbele ya kifua cha Akida, akasoma polepole, akabadilika rangi. Mkalimani Husseini akatafsiri: “Bwana anauliza, mbona umevaa ‘Katika Umoja na Uhuru’?”

“Huo ni ushahidi wa Mshamu.”

Bibi akaulizwa. “Mie naiona shingoni kwa Bwana Akida,” akasema. “Shingo ya Mshamu hiyo hapo, itazameni.”

Maana ya maandishi yale baharia alimwambia baba yake, na baba akamwambia yeye. Hakuona sababu ya kuitwisha kamati mzigo huo.

Tangazo likasomwa upya, kuku wakasikia. Mshamu akafunguliwa, kamba ikahamia kwa Akida. Akaomba kamati ikae kupitia shauri lake. Akajibiwa kwa heshima kwamba haiwezekani: mwenyekiti amefungwa, katibu amefungwa, na mjumbe wa tatu bado anakimbia.