Mwezi wa Croydon na Tiketi za Antibes

Jumapili, 15 Machi

"Mtu anayengoja kuuona mwezi kwa jicho lake hawezi kukata tiketi kabla ya kuuona." Hayo kayaandika Bwana Amir kwenye kundi la WhatsApp la Jumuiya, mbele ya watu sitini na wawili. Upuuzi. Kuona ni kuona, kuhesabu ni kuhesabu, na mimi naweza yote mawili. Nimepiga hesabu: mwezi tutauona Alhamisi kutoka vilima vya Addington, hapa hapa Croydon. Ijumaa ni Idi. Kwa hiyo Ijumaa tunakwenda Antibes, mji wa kale uliojengwa na Wagiriki kwenye pwani ya Mediterania, Ufaransa. Kwenda na kurudi siku moja. Watu kumi na wawili. Tiketi hazibadilishwi, na sioni kwa nini zibadilishwe.

Jumapili ijayo ni uchaguzi, na Amir anautaka uenyekiti wangu. Yeye aliwahi kuwapeleka watu Brighton. Mvua iliwanyeshea. Nikiwafikisha Antibes, habari yake imekwisha.

Jumatatu, 16 Machi

Mke wangu Siham kauliza swala ya Idi tutaswali wapi, ikiwa ndege inaondoka saa mbili asubuhi. Nikamwambia chumba cha ibada cha uwanja wa ndege, imamu mimi. Akauliza hotuba dakika ngapi. Arobaini. Akasema basi tuwapungie mkono abiria wenzetu. Nimepunguza hadi thelathini na tano.

Amir tena: "Kaka Miraji, fuata Makka kama sisi, uokoe tiketi zako." Nimemjibu kwa aya tisa. Mwezi wa Makka ni wa watu wa Makka. Hili nimelitetea miaka kumi na minne na sirudi nyuma hata unyayo.

Alhamisi, 19 Machi

Addington, wakati wa magharibi. Watu kumi na wawili tumekodoa macho. Wingu limetandazwa kama godoro. Mmoja wetu, Vuai, akasema kauona. Ilikuwa taa ya ndege.

Simu zikaanza kulia. Makka ilishatangaza tangu jana: Idi kesho. Nikasema sisi hatukuuona, tunakamilisha thelathini, kesho ni saumu. Bi Time, shangazi yake Siham, akanishika mkono. "Miraji mwanangu, nina miaka sabini na minane. Niambie neno moja tu. Kesho nile, nisile?"

Nikaanza kumweleza tofauti ya matlai, yaani mwezi hauchomozi kila nchi kwa wakati mmoja. Nilipofika kwenye hoja ya tatu, nyuma yangu walikuwa wanakumbatiana na kupeana mkono wa Idi. Bi Time naye kawafuata. Kasema hoja ya nne nitampa Idi ijayo.

Safari iko palepale. Ila sasa sielewi nimewakatia tiketi za nini.

Ijumaa, 20 Machi

Chumba cha ibada, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wenzangu wamepanga safu. Mimi nimefunga, vipi niwaswalishe Idi? Kaswalisha Vuai. Hotuba dakika mbili. Kila mtu kamsifu. Mimi nililinda mabegi.

Antibes ni mzuri, nadhani. Kuta kubwa, bahari chini yake, soko lenye paa. Soko lote linanukia samaki wa kuchoma na mkate wa moto. Niliwaeleza historia ya kuta huku ulimi umeganda kwenye kaakaa. Waliondoka mmoja mmoja kuelekea kwenye harufu. Mwishowe nikawa nazieleza kuta historia yake.

Ujumbe wa Amir kutoka London: "Wewe msafiri, kaka. Ruhusa ipo, kula." Halafu, kundini, kabandika waraka wangu wa mwaka juzi, kurasa nne, nilimothibitisha kwamba mwendo wa ndege wa saa mbili si safari na haumpi mtu ruhusa ya kula. Kapigia mstari sentensi zangu bora.

Sikula.

Jioni, ndege ya kurudi. Nina tende mkononi, nangoja jua lizame. Halizami. Tunaruka kuelekea magharibi, tunalifukuza. Waliobaki chini Antibes walishaingia usiku, mimi bado mchana. Siham akasema mume wake ndiye mtu wa kwanza kujiongezea saumu kwa nauli yake mwenyewe.

Lilipozama hatimaye, mwezi ukatokea dirishani. Mnene. Bi Time akautazama, akanitazama. "Baba, huu si wa jana huu?"

Nilimwambia unene ule unatokana na urefu tuliopo angani. Nitalitafutia ushahidi.

Jumamosi, 21 Machi

Idi yangu. Siham yuko kazini. Bi Time kalala, kachoka na Idi ya jana. Nimevaa kanzu, nimekaa jikoni, nimejipa mkono wa Idi. Niliwaandikia watu sitini na wawili: Idi mubarak. Wamejibu watatu. Wawili waliuliza Idi ipi. Wa tatu ni Amir: ananikaribisha biriani iliyobaki jana. Nilikwenda. Tamu. Sikumwambia.

Jumapili, 22 Machi

Uchaguzi. Kura za mikono. Amir thelathini. Mimi mbili: yangu na ya Bi Time. Njiani kurudi Bi Time kaniambia yeye alikuwa anaomba chai.

Nimelichambua jambo hili mchana kutwa na kosa nimelipata. Hesabu ilikuwa sahihi. Tatizo ni mawingu ya Machi. Idi Kubwa iko Mei, na Mei hakuna mawingu.

Kwa hiyo ninyi thelathini mlioinua mikono, na wewe mwenyekiti wenu mpya: leteni majina na pasi zenu kwangu kabla ya Ijumaa. Antibes, Jumatano, tarehe 27 Mei. Tiketi nimeshakata.