Kila "Ya" Iwe "Za"

Jumatatu, 4 Machi
Leo ni siku yangu! Jumuiya yetu ya walimu wastaafu imepewa kompyuta kongwe na inatafuta programu ya kuandikia. Atakayeleta ripoti bora ndiye atakayekuwa mhariri wa jarida letu. Tunaogombea ni wawili: mimi, mwalimu wa sarufi, na mwenzangu tunayemwita Hesabu kwa somo alilofundisha, mtu asemaye "vitabu yangu" bila kuona haya. Mashindano gani hayo!

Kompyuta ya nyumbani kwangu nayo ni kongwe. Programu yake ina skrini ya bluu. Inafunguka upesi, haina mapambo, haimbishii mtu. Nimeisifu katika ripoti nzima. Programu anayoipigania Hesabu sikuitaja. Mbinu safi.

Jumanne, 5 Machi
Mwenyekiti amenirudishia ripoti. Akaniuliza, Mwalimu, uliambiwa ulinganishe, sasa umelinganisha nini na nini? Nimekwenda kwa Hesabu kuazima diski yenye programu yake. Hesabu akaniuliza kama najua upande wa juu ni upi. Nikamwambia najua. Ulikuwa ule mwingine.

Jumatano, 6 Machi
Programu ya Hesabu ilifunguka nilipokwisha chemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe. Kisha ikapiga mistari myekundu chini ya kila neno langu. Hata jina langu! Maisha yangu yote, mpiga mistari myekundu ni mimi. Mke wangu akasema, haya baba, leo umepata mwalimu wako. Nimeiondoa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeongeza aya ya kuiponda. Shida moja: kote nimeandika "programu ya", umoja. Sasa ni mbili. Sarufi inadai "programu za". Nani arekebishe moja moja? Programu ya bluu ina amri ya kubadilisha kila mahali. Nimeiamuru: kila "ya" iwe "za". Kufumba na kufumbua, upatanisho umetimia! Mke wangu akauliza kama nimeisoma tena. Mimi husahihisha kazi za watu, si zangu.

Jumamosi, 9 Machi
Mkutano. Hesabu akapewa ripoti yangu aisome kwa sauti. "Jumuiza yetu za walimu wastaafu imefanza kazi isiyo mbaza." Watu wakavunjika mbavu. Hesabu akauliza kwa upole, eti Mwalimu, "mbaza" ni ngeli gani? Bahati nzuri, ripoti ya Hesabu nayo ilikuwa majedwali matupu, bila sentensi hata moja. Mwenyekiti, akifuta machozi, akanipa nafasi ya mwisho.

Jumapili, 10 Machi
Kosa nimelipata, na si langu. Programu hii ni tiifu mno: haitofautishi neno na kipande cha neno. Dawa ni rahisi. Kila "za" irudi kuwa "ya"! Nimechapa nakala za wanachama wote na kuzigawa mlango kwa mlango, nimevaa koti.

Jumatatu, 11 Machi
Mwenyekiti amepiga simu. Uhariri ameupata Hesabu. Kisha akaniuliza, huku akijikaza asicheke, kwa nini nashauri kompyuta iwekwe juu ya meya. Maskini, hata kusoma hajui!

Nimeandika barua kali ya kukata rufaa. Ila nimetumia "ni" kote, kama mtu mmoja. Itakuwa na uzito zaidi tukiwa wengi. Nimeamuru kila "ni" iwe "tu". Inakwenda leo hii. Kuisoma ni kupoteza wakati.