Kivutio cha Korongo

Kwa niaba ya Kamati ya Kustawisha Kivutio cha Korongo, mimi Rotich, Afisa Mawasiliano, natangaza kwa fahari kwamba mradi wetu umefanikiwa kupita matarajio. Wanaosema vingine hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimeshika viatu vya Mwenyekiti.

Katika kinamasi kimoja upande wa Kamukuywa, korongo wenye taji hutaga katikati ya matete, na wageni hutoka mbali kuja kuwatazama. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Muturi, aligundua kasoro: wageni walitazama ndege bila kula nyama choma. Akaamuru mkahawa ujengwe mahali ambapo ndege wanaonekana vizuri zaidi, yaani juu ya kiota.

Maslahi ya ndege yalizingatiwa. Wangehamishwa, na nafasi zao zijazwe na korongo wa saruji, ambao hawaruki ovyo.

Aliyepinga ni Nakhumicha, mjane ambaye shamba lake la mahindi limepakana na kinamasi. Tingatinga lilipofika, lilimkuta ameketi katikati ya njia, akichambua maharagwe. Mwenyekiti alimweleza kwa kirefu habari za ajira na sura ya kaunti. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeskia, Mheshimiwa," akasema. "Lakini mayai iko karibu kuanguliwa. Si mngoje tu ndege amalize?"

"Mama, uzinduzi una tarehe."

"Hata yai iko na tarehe."

Dereva wa tingatinga akazima injini, akisema ati imechemka. Haikuwa imechemka.

Wanahabari walikuwa wameshafika kutoka Bungoma, kwa hivyo Mwenyekiti akaamua kuwaonyesha kwamba ndege wameshirikishwa. Alinipa viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye matete apigwe picha kando ya kiota. Korongo dume alisimama, akatandaza mabawa, akainamisha kichwa. Mwenyekiti alidhani anasalimiwa, naye akainama.

Ndege akamrukia. Mwenyekiti alirudi nyuma kwa utaratibu, halafu bila utaratibu, akaanguka chali, tope likamfika masikioni. Korongo akampanda kifuani, akapiga mbawa. Hiyo ndiyo picha mliyoiona.

Sisi wanakamati tulibaki ukingoni tukishauriana. Nakhumicha aliweka maharagwe chini, akaingia, akamvuta nje, akampangusa macho kwa leso yake kama mtu anayemwosha mtoto. Alimwambia asione haya, hata yeye ndege hao humfukuza akikaribia mno.

Jioni picha ilikuwa kwenye kila simu Kitale nzima. Kesho yake watu walifurika, wakasimama kwenye ukingo wa shamba la Nakhumicha, mbali na kiota kama alivyowaomba. Wakubwa wa Nairobi wakasitisha ujenzi wa mkahawa, tingatinga likaondoka. Mayai yakaanguliwa, na Nakhumicha, ambaye hakuwa amepiga kelele hata siku moja, alilia kidogo akiwatazama vifaranga.

Ndipo Mwenyekiti akatangaza kwamba tangu zamani yeye ni mhifadhi. Jumamosi alikwenda pale ukingoni kuwahutubia wageni. Umati ulinyamaza kabisa, simu zimeinuliwa. Alitiwa moyo, akasema sana, akagusia vizazi vijavyo. Hakuna aliyeshusha simu.

Mwishowe msichana mmoja, mwanafunzi kutoka Kibabii, akainua mkono kwa heshima zote.

"Samahani, mzee. Sisi tumetoka mbali. Unaanguka saa ngapi?"