Malalamiko Dhidi ya Oili Safi na Dakika za Kupoza Tabo

Ndugu Mhariri,

KUHUSU: UKURASA WENU WA MAGARI KUVUNJA AMANI YA NYUMBA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na meza yako ikiwa na nafasi ya kuiweka. Mimi ni msomaji wa gazeti lako tangu enzi lilipokuwa likiacha wino vidoleni. Nimestaafu kazi ya ukutubi, ambayo ni kazi ya kulinda vitabu na kulinda kimya. Vitabu viliibiwa. Kimya hakikuibiwa hata siku moja.

Sina mazoea ya kulalamika gazetini. Hata mlipochapisha fumbo la maneno na majibu yake pembeni, nilinyamaza. Lakini sasa maji yamezidi unga.

Ninalo gari la zamani lenye tabo, yaani kile kifeni kidogo kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Watoto wetu walipokuwa nyumbani waliliita Shangazi, kwa kuwa alisikika akija kabla hajaonekana, na akishafika hakuna aliyethubutu kulala. Ametembea sana. Namba za kwenye dashibodi zimechoka kuhesabu. Ya mwisho imekwama katikati, nusu saba, nusu nane.

Mke wangu ni fundi wa cherehani. Yeye hushona chumba cha mbele, mimi hukaa sebuleni. Tangu watoto waondoke tumeishi kwa amani ya kupigiwa mfano: asubuhi tunaamkiana, mchana tunaulizana kama chumvi ipo, jioni tunatakiana usiku mwema. Katikati hapo cherehani hulia, na isipolia, saa ya ukutani husikika mpaka jikoni. Mimi sikuwa na malalamiko yoyote. Yeye sikumuuliza.

Ndipo Mzee Spana, mwandishi wako wa ukurasa wa "Chini ya Boneti", alipoandika makala kuhusu namna ya kuchagua oili ya kuzuia tope katika magari ya tabo yaliyotembea sana. Mke wangu aliikuta alipokuwa akifungia nguo ya mteja. Aliisoma akiwa amesimama, pini mdomoni. Toka siku hiyo yamenipata haya yafuatayo.

1. Nimevuliwa mamlaka ya oili. Miaka yote ya Shangazi, oili nilichagua mimi, kwa ushauri wa fundi wa gereji ya kona tunayemwita Kidole, kwa sababu huipima oili kwa kuichovya kidole na kukinusa. Msimamo wake ni mmoja: oili ni oili, mradi inateleza. Alinitilia ile ya kwenye pipa na hatukuwa na ugomvi. Kumbe Mzee Spana ana maoni mengine. Aliandika kwamba tabo huzunguka kwa kasi ya kutisha na kushika moto mkali, na oili hafifu ikipita hapo huungua, ikaganda, ikawa tope jeusi la kuziba mishipa ya injini. Kwamba gari kama hilo litiwe oili ya sintetiki tupu, ya uzito na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ibadilishwe mapema pamoja na chujio lake. Mke wangu akakitafuta kitabu cha gari. Mimi mkutubi nilimhakikishia kwamba gari letu halikuja na kitabu. Alikitoa chini ya kiti, kikiwa bado ndani ya nailoni yake.

Tulikwenda gereji pamoja. Alimwomba Kidole afungue kifuniko cha juu cha injini, na ndani mlikuwa na tope la kukatwa kwa kisu. Mke wangu alilitazama tope, akanitazama mimi, akalitazama tope tena. Alisema cherehani yake haijawahi kunywa oili asiyoijua jina, kisha akaniuliza mtu asipoziba ufa hufanya nini. Kidole, niliyemtegemea kuwa shahidi wangu, alianza kutafuta kitu chini ya meza.

2. Nalazimishwa kukaa ndani ya gari lisilokwenda popote. Mzee Spana aliandika, kwa mistari miwili tu, kwamba baada ya safari dereva asizime injini papo hapo. Aiache iungurume dakika moja au mbili gari likiwa limesimama, ili tabo ipoe huku oili ikizunguka, isije ikaungulia humo. Mistari miwili! Mngeweka hapo tangazo la sabuni, leo ningekuwa mtu huru. Mke wangu amekata shauri kwamba dakika mbili ni za magari ya vijana, na umri wa Shangazi unastahili kumi. Nikifika nyumbani nimefika, lakini sishuki. Tunakaa mbele ya ukuta wetu wenyewe, mikanda imefungwa, tukitazamana na tangi la maji. Redio ilikufa zamani. Gazeti amelikalia. Nikigusa ufunguo huniambia haraka haraka haina baraka.

Mwanzoni tulilitazama tangi tu. Baadaye akaanza kuzungumza.

Aliniuliza kama naogopa. Nikamuuliza naogopa nini. Akasema hajui, ndiyo maana anauliza. Swali la namna hiyo, Mhariri, katika maktaba yangu lingetolewa nje. Siku nyingine akanisimulia kwamba alipokuwa bado anajifunza ushonaji alizishona ncha za mikono ya koti la bwana harusi zikazibana kabisa, na yule bwana harusi akapokea pongezi za wageni kwa viwiko. Nimeoana na mwanamke huyu tangu tukiwa na nywele nyeusi, na habari hiyo sikupata kuisikia. Nilicheka. Sikukusudia. Jirani aliyekuwa akimwagilia maua aliniona nikicheka ndani ya gari lililosimama, na tangu hapo ananisalimia kwa ukunjufu ambao sikumruhusu.

3. Nimenyang'anywa Jumamosi. Ukurasa wenu ulidai kwamba safari fupi fupi haziipi injini joto la kutosha, unyevu hubaki kwenye oili, na tope huanzia hapo. Safari zangu zilikuwa dukani kununua mkate na kurudi. Sasa kila Jumamosi Shangazi hupelekwa mbali akatoe jasho. Safari ndefu hudai pa kuishia, na nimegundua kwamba kila barabara ndefu huishia kwa mama mkwe. Huko nina kiti changu. Kimewekewa mto. Sikuuomba.

Tena angalia mtego ulivyosukwa: ukitoka safari ndefu, tabo imeshika moto zaidi, kwa hiyo mkifika nyumbani mnangoja zaidi. Jumamosi iliyopita mke wangu alianza kunisimulia juu ya mwanamume aliyemposa kabla yangu. Mtu mwenye duka, mwenye meno mazuri, ambaye ndugu wote wa mke wangu walimtaka. Injini ikapoa kabla hajafika mwisho, akashuka. Nasisitiza kwamba sina haja ya kuujua mwisho huo. Nautaja kama mfano wa usumbufu tu.

4. Kanuni za oili zimehamia ndani ya nyumba. Mzee Spana alisema oili isingojwe mpaka iwe nyeusi, na imwagwe ingali na moto, ndipo itoke na uchafu wake. Mke wangu akatangaza kwamba hata nyumba ina tope. Manung'uniko ambayo nilikuwa nimeyapanga vizuri, kila moja kwenye rafu yake, sasa yanatakiwa kutolewa siku hiyo hiyo yangali na moto. Nikinuna asubuhi, kabla ya chakula cha mchana nimeshamwagwa. Mwanamume wa umri wangu ana haki ya kununa mpaka angalau Alhamisi.

Na hakuishia kwenye mapya. Juzi, injini ikiunguruma, alinikumbusha siku binti yetu, kitinda mimba, alipoondoka nyumbani. Alisema mimi nilishinda nje nikiosha gari. Nikamwambia gari lilikuwa chafu. Akasema mvua ilikuwa inanyesha. Nikawa napangusa kioo ambacho hakikuwa na kitu. Akaniwekea mkono begani na kuuacha hapo mpaka dakika zikaisha. Hayo yote yametokea kwenye eneo la wazi, jirani akiwapo.

5. Shangazi mwenyewe amenigeuka. Hatoi moshi. Hapigi kelele. Taa ya oili iliyoniwakia kwa uaminifu miaka nenda miaka rudi imezimika, na kwa hiyo sina tena kisingizio cha kwenda kushinda gereji. Nilipopita pale wiki hii, Kidole alinikaribisha kiti kama mgeni.

Kwa kuzingatia hayo, naomba kwa heshima na taadhima mchapishe masahihisho. Mseme kwamba oili zote ni baba mmoja mama mmoja. Kwamba tope ni koti la injini, huikinga na baridi. Na kwamba tabo hufurahi kuzimwa ghafla. Naelewa kwamba gazeti lenye heshima zake litasita kuwapotosha wasomaji wote. Ndiyo maana naomba nakala moja tu, ya nyumba yangu, iletwe Jumatano, siku ambayo mke wangu hununua gazeti la kufungia nguo. Wengine endeleeni kuwaambia ukweli.

Naomba pia Mzee Spana ahamishiwe ukurasa wa hali ya hewa, ambako watu husoma bila kufuata. Hilo likishindikana, basi aje mwenyewe akae kiti cha nyuma katika hizo dakika kumi, ajibu yeye kama anaogopa. Na kwa siku zijazo, shauri lolote la kitaalamu linalohitaji mume na mke kukaa mahali pamoja lisichapwe bila idhini ya mume, kwa maandishi.

Faraja yangu imebaki moja. Binti yetu huyo huyo ameahidi kutuletea gari dogo, jipya, lisilo na tabo. Nimeuliza. Gari hilo unafika, unazima, unashuka. Siku hiyo naingoja kwa hamu, na ikifika amani itarudi sebuleni.

Nisalimie wachapaji, wasahihishaji, yule anayetunga mafumbo ya maneno, na mlinzi wa langoni kwako ambaye sijui hali yake lakini namtakia heri. Mzee Spana msalimie pia, ila kwa ufupi. Mke wake mpe pole.

Wako katika kungoja injini ipoe,

Mkutubi Mstaafu

Tanbihi: Barua hii ilichelewa kutumwa, na kabla haijatoka mezani gari jipya limefika. Ni zuri. Halina kelele hata kidogo. Jana tulitoka nalo kununua nyuzi, tukarudi, nikaegesha mbele ya tangi na kuzima. Mke wangu akafungua mlango, akashuka, akaingia ndani, na mara nikasikia cherehani inalia. Mimi nilibaki nimeshika ufunguo.

Kuhusu ile nakala moja, Mhariri, bado naiomba, ila maneno yabadilike. Andikeni kwamba hata gari lisilo na tabo lisizimwe upesi. Lingojewe dakika kumi. Au, likiwa jipya, kumi na tano, kwa sababu halijazoea. Sahihi atie Mzee Spana mwenyewe, mke wangu anamwamini. Tafadhali msiikose Jumatano. Yule mwenye duka na meno mazuri, mpaka leo sijajua alikataliwa kwa nini.