Hongera, Umefiwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza! Mazoezi ya kubuni kurasa za simu. Kila asubuhi mwalimu wetu, Madam Dufie, anatupa mada kwenye kundi la mtandaoni, jioni tunapachika kazi zetu, wenzetu wanazichambua. Atakayeng'ara Ijumaa atachukuliwa na Mzee Ofosuhene, mwenye kampuni ya mazishi, anayetaka programu ya kutangazia misiba. Ofisi! Kiyoyozi! Shangazi Pokuaa kanionya: nikiikosa, nahamia kwenye mchi, kutwanga mihogo ya fufu mgahawani kwake.

Mada ya leo: ukurasa wa kuingilia. Wangu una tembo wawili na vumbi la dhahabu. Nimesahau tu mahali pa kuandika neno la siri. Kitu kidogo. Abrafi, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa pili, kaandika mbele ya watu wote: "Kaka Badu, mlango umeunakshi kweli kweli. Sasa mtu anaingilia wapi?" Kundi zima likacheka. Wivu huo.

Jumanne, 4 Machi

Mada: kikokotoo. Nimegundua kwamba mazoezi ya kila siku ni ya wasio na kipaji. Nimechukua ukurasa wa jana, nikaupaka zambarau, nikabandika tarakimu. Tembo wamebaki. Abrafi kauliza kama kwetu kutaja nane ni mwiko, maana saba ziko mbili na nane haipo. Huyu binti hana shughuli?

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya! Kwa laini yangu ya pili nimeingiza kwenye kundi mtu asiyekuwepo duniani: Profesa Agyapong, mtaalamu kutoka ng'ambo. Akaisifu kazi ya Badu mpaka mimi mwenyewe nikaona haya. Kidogo tu. Madam Dufie akafurahi, akamwomba Profesa aseme neno moja kwa sauti, kundi zima likimsikiliza. Nikakaza koo, nikaanza kuunguruma kizee. Nilikuwa naenda vizuri! Ndipo Shangazi akafungua mlango: "Wewe Badu! Mihogo inakusubiri huku, unamkoromea nani?"

Kisha Abrafi, kwa adabu zote, akamwambia Profesa asiicheleweshe mihogo.

Alhamisi, 6 Machi

Sikufanya mazoezi. Napumzisha kipaji. Nasikia Abrafi kashinda sokoni Kejetia, anawapa mabibi wauza nyanya simu yake wajaribu kurasa zake, akiwaangalia vidole vinakwama wapi. Anaomba msaada kwa vikongwe! Aibu nimeona mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yenyewe. Mada: ukurasa wa kutangaza msiba. Sote tukakutana ofisini kwa Mzee Ofosuhene. Amevaa nguo nyeusi. Nikadhani ni sare ya kampuni.

Nikampa simu yangu kwanza. Akaandika jina polepole, akabonyeza kitufe. Tarumbeta! Karatasi za rangi zikamwagika kioo kizima! Na maandishi makubwa: HONGERA! UMEFANIKIWA!

Mzee alikuwa ameandika jina la mdogo wake. Walimzika Jumamosi iliyopita.

Tarumbeta haikunyamaza. Sikuwa nimeweka kitufe cha kuizima. Nikaikalia simu. Ikaendelea chini yangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Wa Abrafi ulikuwa mweupe mtupu. Herufi kubwa. Jina la marehemu, ukoo wake, mahali pa kukutania. Kisha mstari mmoja: "Pole. Tumeshawajulisha ndugu zako." Mzee akausoma, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Kazi kapewa Abrafi.

Nje akanifuata. Kasema nina jicho la rangi, yeye hana. "Kaka Badu, njoo tufanye mazoezi pamoja asubuhi. Kurasa ndogo ndogo tu. Na tembo wapumzike kidogo." Hakunicheka. Nikasema nina safari.

Jumamosi, 8 Machi

Mikono imetoka malengelenge. Mchi ni mzito kuliko unavyoonekana.

Lakini kichwa kinafanya kazi. Nimetafakari yote na nimeelewa kosa lilikuwa wapi: Mzee hakuwa na muda wa kuizoea tarumbeta. Na Abrafi anayetaka tufanye pamoja, ni wazi ananiogopa.

Basi nimefungua darasa langu la kufundisha ubunifu. Tangazo limeshatoka, limejaa dhahabu. Wanafunzi watafanya mazoezi kila siku bila kukosa, mimi nitakuwa nawasahihisha.

Mpaka jioni hajajiandikisha mtu. Shangazi kalitazama tangazo, kauliza mtu anajiandikisha kwa kubonyeza wapi.

Watu wa siku hizi wanataka kila kitu waonyeshwe.