Mbegu Zilizokwenda Hollande

Leo nimeaibika mpaka masikio yamechemka. Na mlango wa hiyo aibu nimeufungua mimi mwenyewe.

Mnajua mimi ni sekretere, yaani katibu, wa koperative ya wakulima wa mahindi hapa Nyakarenzo. Wiki hii wanachama hawanipendi. Mbegu za msimu zimechelewa, na mimi ndiye ninayesimama mlangoni kuwaambia warudi nyumbani. Asubuhi nimewaambia tena: hakuna hata punje. Kisha nikaingia ofisini, nikafunga mlango. Dirisha nikalisahau (akili ya kufunga vyote viwili sina).

Fiston, rafiki yangu wa Bukavu, akapiga simu. Huyu ndiye aliyenifundisha torrent: unapakua faili, kama filamu au serie za televisheni, vipande vipande kutoka kwa watu usiowajua, na ukimaliza unaiacha wazi ili wengine nao wachukue kwako. Huko kuacha wazi sisi tunaita kugawa mbegu. Akanifundisha na VPN, ili anayekuchungulia asijue uko wapi. Yangu inasema niko Hollande, huko Ulaya.

"Ile serie ulimaliza? Mbegu iko?" akauliza Fiston.

"Mbegu iko mingi," nikamjibu kwa maringo. "Tangu juzi niko nagawa. Bantu makumi ine banachukua kwangu." (Watu arobaini, si mchezo!)

"Na habakujue?"

"Habawezi kunijua. Banaona niko Hollande."

Chini ya dirisha alikuwa amekaa Mzee Gaspard, mwanachama wetu, akipumzisha miguu kabla ya kurudi kwake mikono mitupu.

Haikupita nusu saa, kamati nzima ikawa ofisini kwangu. Mwenyekiti, Maman Espérance, alikataa kiti.

"Sekretere, mbegu yetu uko natuma Hollande?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Anacheka," Mzee Gaspard akawaambia. "Mumuone vile anacheka."

Mmoja wa kamati akataka ninyang'anywe funguo za stoo leo leo, barua ya kunifukuza ifuate. Jamani, niliogopa. Nina watoto watatu na kazi moja. Nikaeleza torrent. Nikaeleza VPN. Kila neno likanizamisha zaidi.

"Kwa hiyo unajificha?"

"Ndiyo, Maman." (Ndiyo, Maman! Mtu mzima na diploma yake.)

"Tuonyeshe."

Sasa nieleweni vizuri. Kila mkutano mimi ndiye ninayewaambia wanachama kwamba serie za mapenzi ni kazi ya wavivu. Orodha ya serie ninazopakua sikuwa nimemwonyesha hata mke wangu. Lakini kati ya orodha na kazi, nikachagua kazi. Nikageuza kompyuta. Serie moja ya mapenzi ya Kituruki, sehemu mia na sitini, zote zina alama ya kijani, zote nimeshazipakua na ninazigawa.

Maman Espérance akavaa miwani, akasogea karibu, akasoma taratibu.

"Sehemu ya makumi kenda iko?"

"Iko."

"Ule bibi arusi mwenye kulala hopitali, anaamuka?"

"Anaamuka, Maman. Lakini hakumbuke bwana yake tena."

Nilijibu kabla ya kufikiri, na sauti ikanitetemeka mbele ya kamati. Mzee Gaspard akavua kofia, akanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Wakaenda kuangalia stoo, wakaikuta tupu kama nilivyosema, na daftari la mapokezi halina gunia hata moja la mbegu lililoingia. Funguo zimebaki kwangu. Nilipumua pumzi ya tangu asubuhi. Ila kamati ikaamua jambo hili liingie kwenye ripoti, na mwandishi wa ripoti ni sekretere. Nikaandika mwenyewe, nikasimama, nikasoma kwa sauti: "Mbegu zilizokwenda Hollande si za mahindi. Ni za mapenzi."

Kwa hiyo, ndugu zangu, VPN inanificha machoni pa Ulaya nzima, ila machoni pa Nyakarenzo bado. Kazi ninayo, namshukuru Mungu. Na atakayecheka, mbegu hapati.