Duka la Bi Rumaitha Limekufa Mara Mbili

Baada ya alasiri tuko kwenye kahawa yetu, nyuma ya soko la Ibra, Oman, mara Khelef huyo anakuja, simu juu. Sisi tunamwita Redio, maana hazimwi.

"Mmesoma habari? Maduka ya mikate Ibra yanakufa! Yamefungwa tele mwaka huu, na mapya yamefunguliwa tele!"

"Yapi?" akauliza Hashil, mwenye hoteli ya biriani ng'ambo ya njia. Yeye ni Bosi, jina kajipa mwenyewe. "Mie nipo hapa kutwa, sijaona hata moja lililofungwa. Au yanafungwa nikipepesa macho?"

Bi Rumaitha alikuwa anamshushia muuza kahawa mikate yake ya ufuta. "Langu limo," akasema. "Nimeomba kibanda soko jipya, wanapewa wenye maduka ya zamani. Nimekataliwa. Ati duka langu limezaliwa juzi."

"Juzi!" Redio akapiga paja. "Meno yangu ya utoto yameng'okea kwenye mkate wako!"

Sote tukamgeukia Laith, kijana wa ofisi ya takwimu, kajiinamia kikombeni.

"Shikamoo, Bi Rumaitha. Mashine yetu inafuata jina na mahali. Leseni ilikuwa kwa jina la marehemu, ikaja kwa jina lako. Kisha ukahama mtaa. Kila mara mashine imeona duka limekufa, jengine limezaliwa."

"Mume wangu kafa mara moja, Laith. Duka lake mmeliua mara mbili?"

"Wallahi nyinyi!" Bosi akafoka. "Mmesomeshwa mpaka ng'ambo, mnakaa ofisini kwenye baridi ya eskondisha, na hamna hata mmoja aliyekwenda kunusa mkate!"

Laith uso ukamwiva. "Wachoma mikate wako ni nani sasa, Bi?"

"Walewale wa marehemu. Nimehama nao wote, na unga wetu."

"Basi duka ni lile lile. Watu wakihama pamoja, duka limehama, halijafa. Niachie, nitawaambia wakubwa."

"Waambie polepole," Redio akasema, "wasije wakazimia."

Wiki chache zikapita. Siku moja Bi Rumaitha akaja na sinia ya mikate, bure. Kibanda kapata. Alitaka kumshukuru Laith, akaishia kujifuta macho kwa ncha ya shela. Laith akaanza kukaa wima.

"Khalas, yamekwisha, mashine imepata akili," Bosi akasema. "Hebu nitazamie hoteli yangu. Ya zamani kuliko zote!"

Laith akakuna kichwa. "Ami Hashil, wapishi wako wako wapi?"

"Washenzi wale! Wamekwenda mji wa Sur wote kwa mpigo, wamefungua mahali pao. Nimebaki na masufuria."

"Ndiyo hivyo, Ami. Siku hizi mashine inafuata watu, na kwetu inaonekana hoteli yako imehamia Sur."

"Imehamia Sur? Na mie niliyekaa hapa?"

"Weye," Redio akadakia, "ni mteja uliyesahau kuondoka!"

Bosi akatua kikombe kwa kishindo, akavuka njia bila kuaga, akaenda kusimama chini ya kibao chake, anakisoma.